Neno “Uzembe” Limekuwa Pazia



Kuna neno moja katika nchi hii ambalo limekuwa pazia. Nyuma yake hujificha wakubwa, na mbele yake husimama mfanyakazi peke yake, mkono umekatika, akitakiwa ajieleze. Neno hilo ni “uzembe”. Mtu akikatwa kidole na msumeno, uzembe. Akiunguzwa na umeme juu ya nguzo, uzembe. Akifukiwa na kifusi machimboni, uzembe. Siku hizi wasomi wamelivika neno hili joho, wakaliita “makosa ya kibinadamu”, lakini aliyemo ndani ya joho ni yule yule.

Nataka niseme waziwazi, na asiyependa na asipende: neno hilo, jinsi linavyotumiwa, haliokoi mkono hata mmoja. Linaokoa mifuko.

MIMI NAMI NILILITUMIA

Sisemi haya kama mtu aliye safi. Miaka miwili iliyopita Chama kilinituma katika wilaya moja ya mkonge. Nilikuwa nimeacha chaki muda si mrefu, na vumbi lake lilikuwa bado kwenye kola ya shati. Katika kiwanda kimoja, ambacho leo sitakitaja, kijana wa miaka 22 alipoteza mkono wa kulia kwenye mashine ya brashi.

Kwa ninyi msioujua mkonge, naeleza. Majani yakishapita kwenye korona, singa huoshwa na kuanikwa juani. Zikikauka hupelekwa kwenye brashi, nalo ni pipa lenye meno ya chuma linalozunguka kwa kasi. Mtu hushika fungu la singa, akatia ncha moja mdomoni mwa mashine ili lichanwe, kisha akaligeuza na kutia ncha ya pili. Kutwa nzima kazi ni hiyo.

Kijana yule alikuwa amezizungusha singa kwenye kifundo cha mkono. Meno yakashika singa, singa zikavuta mkono. Karatasi ya uchunguzi iliandikwa siku ile ile, mistari minne tu: ajali imetokana na uzembe, mhusika alizungusha singa mkononi kinyume cha maagizo. Basi. Meneja akatia sahihi, nyapara akatia sahihi, na kijana, angali kitandani, akaletewa wino atie dole gumba la mkono uliobaki.

Nami nilifanya nini? Jumapili yake niliitisha mkutano, nikapanda juu ya kreti, nikawahubiria wafanyakazi: “Ndugu zangu, acheni uzembe! Kuweni waangalifu!” Aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote alikuwa meneja. Hapo ndipo ilipofaa nishtuke, wala sikushtuka.

Baada ya mkutano mzee mmoja wa brashi aliniita pembeni. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akasema, “Mwalimu, umesema vizuri sana. Kesho njoo utazame tunavyofanya.”

Nikaenda. Niliwakuta watu kumi na wawili kwenye mashine. Kumi na mmoja wao walikuwa wamezungusha singa mkononi. Wa kumi na mbili alikuwa na juma moja tu kazini, hajajifunza. Nikamwuliza mzee sababu yake.

“Usipozungusha, singa inateleza,” akaniambia. “Ikiteleza, fungu linaharibika. Fungu likiharibika halihesabiwi. Na sisi twalipwa kwa hesabu ya mafungu.”

“Na nyapara hajui, mzee?”

“Ndiye aliyenifundisha.”

Nikauliza swichi ya kuzimia mashine iko wapi. Akanionyesha ukutani, nyuma ya migongo yao, hatua tisa. Nikabaki nimeduwaa. Mtu ambaye mkono wake umeshikwa na meno ya chuma atatembeaje hizo hatua tisa? Mwisho nikauliza kama kijana yule alikuwa wa kwanza. Mzee akahesabu kwa vidole. Alikuwa wa nne, kwenye mashine ile ile.

Ndugu, mimi ni mwalimu. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto mmoja akikosa hesabu, mtazame mtoto, lakini darasa zima likikosa hesabu ile ile kwa namna ile ile, mtazame aliyefundisha. Watu wanne kupoteza mikono kwenye mashine moja kwa njia moja si uzembe wa watu wanne. Ni somo moja lililofundishwa vibaya, na aliyelifundisha ni mpango wa kazi: malipo yale, swichi ile, na nyapara yule aliyezoea. Nami nilipanda juu ya kreti nikawalaumu wanafunzi.

MIZANI YA FISI

Je, habari hii kwamba karibu kila ajali ni kosa la mfanyakazi ilipata wapi heshima yake? Mwaka 1931, kule Marekani, mtu mmoja wa shirika la bima aitwaye H. W. Heinrich alitoa kitabu juu ya kuzuia ajali viwandani. Humo aliandika kwamba katika kila ajali 100, ajali 88 hutokana na vitendo vya hatari vya watu, 10 hutokana na hali ya mashine na mahali pa kazi, na 2 haziepukiki. Hesabu hiyo ilitembea dunia nzima, ikaimbwa katika semina na semina.

Lakini alizipata wapi hesabu hizo? Alizipata katika madai ya bima na katika taarifa zilizoandikwa na wenye viwanda wenyewe. Yaani mbuzi kaliwa, na aliyeulizwa nani kamla ni fisi! Karatasi ya mistari minne niliyoiona kwenye mkonge ndiyo aina ya karatasi zinazojumlishwa hata zikawa elimu. Haki itendeke: Heinrich mwenyewe alisema mashine ziwekewe kinga. Waliomfuata waliokota ile 88 wakaiacha kinga chini.

WALIOULIZA VIZURI WALIPATA DAWA

Sasa tuwatazame watu waliokataa kuishia kwenye neno “kosa”, wakauliza swali la pili.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa Marekani walikuwa wakitua salama na ndege kubwa za B-17, halafu ndege ikiwa tayari iko chini wanakunja magurudumu, na ndege inalala kwa tumbo. Wakubwa wakasema ni makosa ya marubani. Bwana mmoja msomi wa saikolojia, Alphonse Chapanis, akaingia ndani ya ndege akatazama. Akakuta vishikio viwili, cha magurudumu na cha mabawa madogo ya kupunguzia mwendo, viko karibu karibu na vinafanana kama mapacha. Rubani aliyechoka, macho yako mbele, mkono unapapasa, anashika hiki badala ya kile. Chapanis hakuwahubiria marubani. Alifunga kigurudumu kidogo cha mpira kwenye kishikio cha magurudumu, na umbo la kabari kwenye kile kingine, ili mkono utambue bila jicho. Mwaka 1947 wenzake wawili, Fitts na Jones, walitoa uchunguzi wa visa 460 vilivyokuwa vimeitwa makosa ya marubani, nao wakaonyesha jinsi mpangilio wa vyombo ndani ya ndege ulivyowatega watu.

Twende Ujapani. Mwaka 1961 fundi Shigeo Shingo aliitwa kwenye kiwanda ambako wafanyakazi walikuwa wakiunganisha swichi ndogo yenye springi mbili. Mara kwa mara mtu husahau springi moja. Dawa ya wakubwa ilikuwa karipio. Dawa ya Shingo ilikuwa kisahani. Kabla ya kuanza swichi, mfanyakazi aweke springi mbili kwenye kisahani. Akimaliza, akiona springi imebaki, anajua palepale kwamba kasahau. Ni kisahani tu, ndugu zangu!

Njia hiyo Wajapani waliipa kwanza jina lenye maana ya kumzuia mjinga asikosee. Shingo anasimulia kwamba mwaka 1963, katika kiwanda kimoja cha magari, mwanamke mfanyakazi alipolisikia jina hilo alilia, akauliza kama kweli yeye ni mjinga. Shingo akaona haya, akalibadili jina liwe la kuzuia kosa, pasiwepo tena kutaja mjinga. Tuliweke jambo hilo moyoni. Mwanadamu yeyote husahau, awe meneja, awe waziri, awe katibu wa Chama. Kusahau si ujinga. Wazee wetu walisema kosa moja haliachi mke. Iweje kosa moja liache mkono?

Na kama mtu atasema hayo ni ya Wazungu na Wajapani, basi na aje nyumbani. Kati ya mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya mambo 19 ya kusomwa kwa sauti katika chumba cha upasuaji: mgonjwa ni huyu kweli? Anapasuliwa wapi? Vyombo na vitambaa vimehesabiwa? Kila aliyemo humo ajitaje jina na kazi yake. Hospitali nane katika miji minane zilishiriki, London na Toronto zikiwamo, na mmojawapo wa miji hiyo ulikuwa Ifakara, hapa hapa Tanzania. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2009, vifo katika hospitali hizo nane kwa pamoja vilikuwa vimeshuka kutoka kiasi cha wagonjwa 15 katika kila 1,000 hadi 8. Madaktari walikuwa wale wale, na mikono yao ile ile. Kilichobadilika ni kwamba kazi ilipangwa ili kosa lionekane kabla halijaua, na muuguzi akapewa ruhusa ya kumwambia daktari mkubwa, “Ngoja kwanza.”

NANI ALIYESEMA “ENDELEENI”?

Maana mara nyingi mfanyakazi ameiona hatari, kaisema, kanyamazishwa. Huko Bangladesh, siku moja kabla ya tarehe 24 Aprili 2013, nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza lenye viwanda vya kushona nguo. Benki na maduka ya chini yalifungwa. Washonaji waliambiwa warudi kwenye cherehani, na waliosita wakatishiwa mshahara. Asubuhi jengo likaanguka, watu zaidi ya 1,100 wakafa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini wale hawakupewa hata nafasi ya kujenga ukuta, walichimbiwa kaburi.

Tusinyoshe kidole ng’ambo tu. Mei 21 mwaka 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na watu mamia kwa mamia wakapotea katika Ziwa Viktoria. Tukalia, tukazika, tukaapa. Septemba 20 mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere, mali ya umma, chenye nafasi ya abiria 101, kilipinduka karibu na Ukara siku ya gulio, na waliokufa walizidi 220. Ikasemwa kwamba nahodha hakuwapo kwenye usukani, kamwachia mtu asiye na mafunzo. Kama ni hivyo, lilikuwa kosa kubwa, wala sitalitetea. Lakini naomba niulize swali la pili. Nahodha mmoja aliwezaje kupakia watu zaidi ya mara mbili ya nafasi bila mtu gatini kupiga kelele? Nani alikuwa akihesabu tiketi? Siku za gulio watu wa Ukara wangevuka na nini kingine? Ukimfunga nahodha na usiyajibu maswali hayo, unamwekea nahodha ajaye mtego ule ule.

WATASEMA TUNATETEA UVIVU

Najua jibu linalokuja. Ati Chama kinawafundisha wafanyakazi uvivu, ati mtu akishajua kosa si lake hatajali tena. Hiyo ni hoja ya mtu asiyewahi kusimama mbele ya brashi. Yuko mfanyakazi gani asiyejali vidole vyake? Hofu wanayo tele, haihitaji kuongezwa na meneja. Wanachokosa ni swichi ya karibu.

Tena tutenganishe mambo. Kuna mtu aliyeteleza: alitaka kushika hiki akashika kile. Huyo usimwadhibu, tengeneza kishikio. Kuna mtu aliyekata njia ya mkato kwa sababu bila njia hiyo mshahara haufiki. Huyo kaa naye, ubadili kipimo cha kazi. Na kuna mtu anayekuja kazini amelewa, au anayeondoa kinga ya mashine kwa kujionyesha. Huyo Chama hakitamtetea, na wenzake wawe wa kwanza kumrudisha nyumbani, maana anachezea roho zao. Mabwana wakubwa huwatia wote watatu katika kapu moja kwa sababu kapu moja ni rahisi kubeba.

Na uchovu je? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa juma, na imekataza mtu kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku hata pamoja na saa za ziada. Mnyime mtu usingizi, umpe zamu mbili mfululizo, kisha saa kumi ya alfajiri mkono wake ukikosea uandike “makosa ya kibinadamu”. Aliyepanga zamu hiyo naye si binadamu? Mbona kosa lake halina karatasi?

NA SISI TUJISAHIHISHE

Lakini nyani haoni kundule. Nasi tuna lawama yetu, na gazeti la Chama lisiloikosoa nyumba yake halifai hata kufungia karanga.

Kwanza, tunaficha. Mtu akiponea chupuchupu, kamba ikikatika bila kumpata mtu, tunacheka, tunasema Mungu mkubwa, tunaendelea. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kila kuponea chupuchupu ni barua ya onyo, nasi tunaichana bila kuisoma. Kweli, tunaficha kwa sababu anayesema hukatwa mshahara. Basi hapo ndipo pa kupigania: mtu akitoa habari ya kosa lake mwenyewe kabla halijadhuru mtu, asiadhibiwe.

Pili, tunazoea. Yule mzee wa brashi alijua hatari kwa miaka mingi, wala tawi letu halikumwuliza hata siku moja. Tulikuwa tukikusanya ada, tukiimba, tukiondoka.

Tatu, hatusomi sheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mashine hatari ziwekewe kinga, na inataka wawepo wawakilishi wa usalama miongoni mwa wafanyakazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 haikuweka fidia kuwa zawadi ya wasiokosea kamwe: kuteleza kwa kawaida hakumnyimi mtu haki yake. Na mwezi Juni mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliweka usalama kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi, zinazozibana nchi zote wanachama. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba kila mwaka karibu watu milioni 3 duniani hufa kwa ajali na maradhi ya kazini. Haki hiyo isiyosomwa inaliwa na panya kabatini.

KAZI YA KILA TAWI

Basi, ndugu makatibu na wenyeviti wa matawi mahali pa kazi, nawaomba mambo manne kabla mwezi haujaisha:

1. Ulizeni wawakilishi wa usalama ni nani. Kama hawapo, daini wachaguliwe, na wawe watu wa mashine, si watu wa ofisi.

2. Tembeeni kiwandani na mtu mzoefu kuliko wote, mkamwulize maswali mawili tu: hapa mtu hukosea wapi, na akikosea hujiokoaje? Andikeni majibu, mumpe mwajiri kwa mkono, mbaki na nakala.

3. Mtu yeyote asitie dole gumba kwenye karatasi ya ajali akiwa kitandani, wala bila mwakilishi wake kumsomea. Karatasi isiyosema swichi ilikuwa wapi, zamu ilikuwa ya saa ngapi, na malipo ni ya namna gani, hiyo si uchunguzi.

4. Kila mmoja apigane apate ruhusa ya kusimamisha kazi aonapo hatari. Katika viwanda vya magari vya Toyota mfanyakazi huvuta kamba akiona kasoro, na msimamizi huja mbio kumsaidia; tatizo lisipotatuliwa upesi, mstari husimama. Kama yule anaweza kusimamisha gari kwa ajili ya kasoro ndogo, wetu ashindwe kusimamisha brashi kwa ajili ya mkono?

Mtauliza yule kijana ana hali gani. Tulirudi na barua, tukarudi tena, tukaenda hadi kwa wakaguzi. Baada ya miezi saba karatasi ya mistari minne ilifutwa ikaandikwa nyingine, na fidia yake ikalipwa. Leo juu ya kila brashi kiwandani pale imepita kamba. Ukiivuta, hata kwa meno, mashine inazimika. Malipo ya mafungu bado hayajabadilika, na vita hivyo tunaendelea navyo. Kijana anauza dukani kwa shangazi yake. Nilipokwenda kumwomba radhi kwa hotuba yangu ya juu ya kreti, alinipa mkono wa kushoto, akasema, “Samahani, mwalimu, ndio uliopo.”

Ndugu zangu, wazee wetu walituachia wito wa Uhuru na Kazi. Sikusikia kwamba walisema uhuru na viungo vilivyokatika. Tufanye kazi kwa bidii, jasho letu liijenge nchi. Lakini kuanzia leo, mtu akisimama mbele ya mkutano wa Chama akatamka “uzembe” kisha akakaa, mwulizeni kwa adabu: “Ndugu, swichi iko wapi?”